Salamu Zilizopita Madunguni

Kengele ya mwisho ilipogongwa shuleni Mahurunga, kila mtoto alijua pa kwenda. Mpunga ulikuwa ukiiva katika bonde la Ruvuma, na kila alasiri watoto walikwenda kwenye shamba la kijiji kuamia ndege. Walipanda madungu, vile vichanja virefu vya miti vilivyosimamishwa katikati ya mpunga, wakapiga makopo, wakarusha madongo kwa kombeo, wakaimba na kutaniana mpaka jua lilipokaribia kuzama. Esta peke yake alikimbia upande mwingine. Alikuwa akiwahi redio.

Redio yenyewe ilikaa juu ya meza sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ikifika saa kumi kamili Esta aliifunua, akaiwasha, akaegemeza kidevu mikononi, akatulia tuli. Kilikuwa kipindi cha salamu. Mtangazaji alisoma kadi moja baada ya nyingine: fulani wa Tabora anamsalimu shangazi yake wa Moshi, fulani wa Tanga anawasalimu wote wanaomfahamu. Kipindi kilipokwisha, Esta hakuinuka. Alisikiliza taarifa ya habari, bei za mazao, ngoma na mahubiri, mpaka giza likaingia. Nani ajuaye, pengine mtangazaji ameruka kadi moja na ataisoma baadaye.

Alikuwa akingoja salamu za mama yake. Miezi minne nyuma, baba yake, Bwana Danieli, alihamishwa kutoka Iringa kuja kuwa bwana shamba hapo Mahurunga. Wiki hiyo hiyo mama yake, Anna, akaenda Dar es Salaam kusomea ukunga kwa mwaka mzima. Walipoagana kituo cha basi, mama alimwinamia akamnong'oneza, "Nitakutumia salamu redioni, mwanangu. Sikiliza saa kumi." Siku hakuitaja. Kwa hiyo Esta hakuthubutu kukosa hata siku moja. Moyoni mwake aliona kwamba akizikosa salamu hizo, atakuwa amemkosa mama mwenyewe.

Baba hakulijua hilo. Alichokiona yeye ni mtoto mpole asiyezurura. "Binti yangu ametulia," aliwaambia wenzake kwa fahari. "Nikitoka kazini namkuta palepale nilipomwacha." Tuseme kweli, jambo hilo lilimpa raha. Alirudi nyumbani hoi, mtoto yuko salama, redio inamlea. Akina baba wengi wangeridhika vivyo hivyo, kwa hiyo tusimlaumu sana.

Zainabu, jirani yao aliyekaa dawati moja na Esta, alimpitia karibu kila siku.

"Esta, twende tukaamie."

"Kesho."

"Kesho yako ndefu kuliko barabara ya Dar es Salaam," Zainabu alisema, akaenda zake akizungusha kombeo.

Asubuhi moja, shule nzima ikiwa kwenye mchakamchaka, magoti ya Esta yaligoma. Aliketi kando ya njia, kichwa kikimzunguka, huku wenzake wakimpita wakiimba. Mwalimu Josephu alimpeleka zahanati, kisha akamsindikiza nyumbani na kumngoja baba yake.

"Wamempima, hana homa," mwalimu alimwambia Bwana Danieli. "Lakini mtoto huyu hachezi, hakimbii, na wenzake wanasema chakula anakigusagusa tu. Jua lenyewe analiona kupitia dirisha. Mwili usiotumika unachoka, Bwana Danieli, hata ukiwa wa mtoto."

Bwana Danieli aliona aibu. Yeye, ambaye kila siku aliwaambia wakulima kwamba mche ukiwekwa kivulini hudumaa, alikuwa na mche wake kivulini. Mwalimu alipoondoka, baba aligeuza redio, akatoa betri zote nne, akazitia mfukoni mwa shati.

"Redio basi," alisema. "Kuanzia kesho utatoka nje kama wenzako."

Esta hakubisha. Machozi yalimdondoka juu ya kitambaa cha kufuma, moja, kisha la pili.

"Na salamu za mama zikija, baba?"

"Salamu gani?"

Ndipo Esta akamweleza yote, kuanzia maneno ya pale kituoni. Bwana Danieli alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akatoa betri mfukoni, akazirudisha moja moja taratibu.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Ulikuwa unafurahi nikikaa ndani," Esta alijibu.

Jibu hilo lilimwingia baba mpaka moyoni. Alivuta kiti akaketi karibu na binti yake.

"Tufanye hivi," alisema. "Saa kumi nitakuwa nimetoka kazini. Nitakaa mimi hapa mezani badala yako, na daftari. Nikisikia jina lako nitaandika kila neno. Wewe nenda na Zainabu."

"Utakaa kweli?"

"Nitakaa."

"Hutasinzia?"

Bwana Danieli alicheka, maana kwa kusinzia kitini alijulikana mpaka Iringa. "Sitasinzia. Nakuahidi."

Siku ya kwanza Esta alipanda kwenye dungu la Bi Mwanahawa, mama yake Zainabu, akakaa akiangalia upande wa nyumbani tu. Ndege walishuka mbele ya macho yake wakala mpunga wa watu, naye hana habari. Jioni alirudi mbio.

"Bado," baba alisema, akimwonyesha ukurasa mweupe.

Siku ya pili bado. Siku ya tatu bado. Lakini siku ya nne, Zainabu akiwa anatafuta dongo la kurusha, Esta aliinua kichwa ghafla.

"Kuna kitu kinavuma," alisema.

"Mimi sisikii kitu," Zainabu alijibu.

"Kama mvua inayokuja kwa mbali. Kule, upande wa mtoni."

Wakatazama. Kundi la kwelea lilikuwa likija, jeusi, likipinda na kujikunja juu ya mpunga. Watoto walipiga makopo, kombeo zikavuma, na ndege wakageuza kabla ya kutua. Bi Mwanahawa alimtazama Esta akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Kumbe mwanangu una masikio hivi," alisema. "Miezi yote ile ulikuwa unayanoa, na sisi tunadhani unakaa bure."

Tangu hapo Esta akawa sikio la dungu. Wenzake walimtegemea, na kutegemewa ni kutamu. Alijifunza kurusha kombeo, ingawa dongo lake la kwanza liliangukia kapu la Bi Mwanahawa. Alijifunza kutembea kwenye tope bila kuacha kiatu, yaani kwa kukivua mapema. Walipopewa masuke machanga ya mpunga, Bi Mwanahawa aliyakaanga, akayatwanga yakawa pepeta, ule mchele bapa, akawachanganyia na nazi iliyokunwa, na Esta, yule wa kugusagusa chakula, alikomba bakuli kwa kidole. Jioni moja alifika nyumbani, akanawa, akala, akalala bila kuuliza habari za salamu. Baba aliona. Usiku huo alilala akitabasamu.

Alhamisi ya wiki ya tatu, jua likiwa bado kali, sauti ilisikika kutoka ukingo wa shamba. Alikuwa Saidi, muuzaji wa duka la ushirika, ambako redio iliwekwa barazani ili kila mtu asikie. Shamba lilikuwa pana, na mpunga ulisimama kwenye tope lisilokimbilika. Kwa hiyo Saidi alimwita mtu wa dungu la kwanza. Dungu la kwanza likaita la pili. La pili likaita la tatu. Maneno yalikuja yakiruka juu ya mpunga, kila mara kwa sauti ya mtu mwingine, mpaka yakafika kwa Bakari, kijana wa dungu la jirani.

"Esta binti Danieli wa Mahurunga," Bakari aliita, mikono kinywani. "Mama yako Anna anakusalimu kutoka Dar es Salaam. Anasema hivi: kula ushibe, cheza uchoke, nikirudi nikukute umekua. Na mimi Bakari nakusalimu, na Hadija wa dungu la tatu, na Saidi wa dukani, na wote waliopitisha."

Esta alisimama.

"Rudia," alisema.

Bakari akarudia. Kisha dungu la tatu wakarudia bila kuombwa, na la pili, hata shamba zima likawa linasema maneno ya mama yake. Esta akalia mikononi mwa Bi Mwanahawa, akacheka humohumo ndani ya kilio, na hakuna aliyemtania.

Hawajakaa sawa, wakamwona Bwana Danieli akija kwa shida katikati ya majaruba ya mpunga, suruali imekunjwa, tope magotini, daftari mkononi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema kabla hajafika. "Betri zimekata katikati ya kipindi. Nimezitoa, nimezisugua, wapi. Huenda salamu zimesomwa leo na mimi sikusikia. Nimekuvunjia ahadi."

"Zimefika, baba."

"Zimefika nini?"

"Salamu. Zimepita madunguni."

Akamweleza neno kwa neno. Bwana Danieli aliketi kwenye ngazi ya dungu, akafungua ule ukurasa mweupe, akaandika kila neno kama alivyoahidi, hata majina ya waliopitisha. Alipomaliza aliwatazama Esta na Zainabu.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Redio ni kitu kizuri, nami sitaitupa. Lakini nilikosea kuiachia kazi ya kulea. Nilidhani mtoto aliyetulia ndani ndiye mtoto mwema, kumbe, Esta, nilikuwa nakunyima jua, na miguu, na marafiki. Leo ungekaa pale mezani ungesikia kimya tu. Umetoka nje kucheza na kufanya kazi na wenzako, na kijiji kizima kimekuwa masikio yako. Sikilizeni redio kwa saa yake, kisha mwinuke, mtoke. Na mimi nitatoka nanyi."

"Leo?" Esta aliuliza.

"Leo hii."

Esta alitaka kujibu, lakini aliinua mkono ghafla, akageuza uso upande wa mtoni.

"Nyamazeni," alisema. "Wanakuja."

Baba yake alitia daftari mfukoni, akapanda dunguni, akaokota kopo.