Ubeti wa Barua

Kila akitoka shule, Kijiko hukaa juu ya ndoo na kumshikia mama yake sega. Jina hilo alipewa na wateja kwa wembamba wake. Mama yake ni msusi, na kwa msusi kichwa kikiinama, ulimi hulegea.

Hapo ndipo alipomwona bibi muuza mkaa akimpa mama barua. "Nisomee, mwanangu. Mjukuu wangu anadhani najua. Juzi niliishika juu chini, nikawa nacheka tu."

Wiki ile timu ya Kijiko shuleni, ya watu watatu, ilikuwa ikiandaa shairi la mashindano, kila mmoja ubeti wake. Kijiko alikaa siku tatu bila kuandika neno. Ya nne akaandika:

*Barua i mkononi, kaishika juu chini,*
*Atabasamu usoni, kumbe hajui ni nini.*

Kiongozi wa timu, waliyemwita Nahodha, aliusoma mara mbili. "Kombe letu hili. Nitaughani mimi, na bibi yangu atakaa kiti cha mbele."

"Bibi yupi?"

"Kwani ninao wangapi? Yule wa mkaa."

Kijiko alinyoosha mkono aichukue karatasi. "Tuutoe. Mbaya."

"Mbaya wapi? Sema hutaki niughani mimi."

Angejibu nini? Akieleza, ametoa siri. Akinyamaza, ukumbi mzima utaisikia. Siku mbili alizunguka nayo kama mwenye jiwe kiatuni. Mwishowe akamwambia mama.

Mama aliacha kusuka. "Hapo sina msaada, mwanangu. Nenda kwa mwenyewe."

Bibi alikuwa akipima mkaa kwa kopo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono myeusi imetulia magotini.

"Umeshausoma mbele za watu?"

"Bado, bibi. Ni kesho. Nisamehe."

Bibi akamwita mjukuu wake aliyekuwa ndani. "Nahodha, yule mtu wa kwenye shairi lenu ni mimi. Kusoma sijui."

Nahodha alimtazama bibi, akamtazama Kijiko, kisha akaichana taratibu karatasi ya ubeti aliyotoka nayo ndani.

Jioni hiyo Kijiko aliandika ubeti mwingine, kuhusu sega. Ulichechemea mwanzo hadi mwisho. Kesho yake timu yao ikashika mkia, na Nahodha hakumsemesha njia nzima ya kurudi.

Bibi, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele ukumbini na sasa akirudi nao, ndiye aliyeanza kusema. "Mkaa wangu mtu hauchukui bila kuniuliza. Na maneno yangu ni hivyo hivyo, Kijiko. Ukisikia la mtu, lina mwenyewe. Muombe kwanza, hata kama ni tamu. Ila ulikuja kusema kabla halijaharibika, na hilo sitalisahau."

Kisha akatoa barua kifuani, akampa Nahodha.

"Haya, nionyesheni. Juu ni upande gani?"

Wasichana wale wawili wakainama pamoja, wakaigeuza.