Jibu la Swali la Kumi na Moja

Vidole aliandika uongo kwenye fomu ya dada yake, na dada yake akaitia sahihi fomu hiyo bila kuisoma. Uongo wenyewe ulikuwa neno moja tu: Hapana. Fomu ilikuwa ya kuomba kuapishwa kuwa wakili, na swali la kumi na moja liliuliza hivi: "Je, umewahi kukamatwa na polisi, hata kama hukufikishwa mahakamani?" Jibu la kweli lilikuwa Ndiyo.

Vidole alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Jina hilo alipewa na baba yake siku alipomkuta akichapa kwa vidole vyote kumi huku macho yake yako dirishani. Baba alikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Kilikuwa chumba kimoja chembamba chenye kompyuta mbili, benchi la wateja na mashine ya fotokopi iliyokohoa kabla ya kutoa kila karatasi. Vidole alipotoka shule alivua sare, akala, akafanya hesabu zake, kisha akakaa kwenye kompyuta ya pili mpaka duka lifungwe.

Sheria ya duka ilikuwa moja. Unachapa kile alichoandika mteja. Akikosea herufi, unamwuliza. Akiandika upuuzi, unachapa upuuzi. Siku moja mzee mmoja alileta tangazo la kuuza ng'ombe "mpole, mcha Mungu na asiyependa ugomvi." Vidole alicheka mpaka akashika mbavu, lakini alichapa hivyo hivyo. Ng'ombe aliuzwa kesho yake.

Sasa habari ya kukamatwa. Miaka sita nyuma, Dada akiwa na miaka kumi na tisa, yeye na wenzake wawili waliparamia ukuta wa uwanja wa mpira ili waone fainali bila tiketi. Wenzake walipita salama. Sketi ya Dada ilinasa kwenye waya uliokuwa juu ya ukuta, akabaki ananing'inia kama nguo iliyoanikwa, mpaka polisi wakaja na ngazi. Walimshusha, wakaandika jina lake kitabuni, wakamkalisha kituoni kwa muda wa saa sita, wakamwonya na kumwachia. Hakushtakiwa. Nyumbani hadithi hiyo haikuchuja. Bibi alipenda kuwaambia wageni, "Mjukuu wangu alikamatwa na ukuta. Polisi walikuja kumwokoa tu."

Kwa hiyo si kwamba Vidole aliona aibu. Tatizo lilianzia shuleni, kwa rafiki yake waliyekaa naye dawati moja. Huyu aliitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia.

"Dada yangu anaapishwa mwezi ujao," Vidole alimwambia. "Atakuwa wakili kamili."

"Dada yako yupi? Yule wa ukutani?"

"Huyo huyo."

"Thubutu!" Redio aliweka kalamu chini. "Mtu aliyewahi kukamatwa hawi wakili. Jina likishaingia kwenye kitabu cha polisi, basi. Mjomba wangu anaendesha gari la jaji, anajua mambo hayo yote."

"Mjomba wako anajua sheria au anajua gia?"

Darasa la jirani lilisikia kicheko chao. Lakini Vidole alirudi nyumbani na neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni hiyo Dada alikuja dukani mbio. Alikuwa mwanafunzi wa kazi katika ofisi ya mawakili, na kazi yake kubwa ilikuwa kubeba majalada ya watu wengine. Alileta fomu aliyoijaza kwa kalamu, pamoja na karatasi moja aliyoeleza kisa chote cha ukuta, waya, ngazi na onyo.

"Mdogo wangu, nichapie vizuri," alisema. "Kesho ndiyo mwisho wa kupokea fomu. Nitapita asubuhi kusaini."

Vidole alichapa jina, umri, shule na chuo. Alipofika swali la kumi na moja, vidole vilisimama. Aliliona neno Ndiyo kwa mwandiko wa dada yake, kubwa na wazi, halina hata haya. Alifikiria miaka minne ya chuo. Alimfikiria Dada akibeba majalada mpaka azeeke. Baba alikuwa nyuma yake akigombana na mashine ya fotokopi.

Akachapa Hapana. Ile karatasi ya maelezo akaikunja mara nne na kuichomeka ndani ya daftari lake la hesabu.

Asubuhi, kabla Vidole hajaenda shule, Dada alikuja akiwa na mkate mdomoni, akasaini sehemu nne, akambusu mdogo wake kichwani na kutimua mbio. Vidole alijisikia kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni.

Raha hiyo ilidumu siku moja. Jumamosi aliingia dukani karani mstaafu wa mahakama, mzee mchangamfu aliyetaka kuchapiwa barua ya kufuatilia pensheni yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Vidole.

"Marahaba, mjukuu. Andika kwa hasira kidogo, maana hii ni barua ya tano."

Vidole alichapa mistari miwili, kisha akashindwa kujizuia. "Mzee, eti mtu aliyewahi kukamatwa na polisi anaweza kuwa wakili?"

"Inategemea kafanya nini. Mwizi wa mali za watu, mla rushwa, huyo mlango utakuwa mgumu sana kwake, na ni haki. Lakini kukamatwa si kuhukumiwa. Watu wanakamatwa na kuachiwa kila siku." Mzee alijiweka sawa kwenye benchi. "Nimewaona wengi katika miaka thelathini. Kulikuwa na kijana aliyekamatwa kwa kupigana kwenye harusi ya binamu yake. Aliandika kila kitu, mpaka idadi ya viti vilivyovunjika. Kamati inayopitisha mawakili ikamwuliza maswali matatu, akaapishwa. Mwaka huo huo kulikuwa na mwingine aliyekamatwa kwa sababu ya muziki wa kelele, jambo dogo kabisa. Huyu akaandika hajawahi kukamatwa. Kamati iliuliza polisi, kitabu kikafunguliwa, jina hili hapa. Alifungiwa nje miaka mitatu."

"Kwa muziki tu?"

"Muziki? Nani alijali muziki? Kwa kusema uongo!"

Vidole alirudi kuchapa. Barua ya mzee aliianza upya mara tatu, na mara ya tatu ikasomeka "Mpendwa Bwana Pensheni." Mzee alipoondoka, Baba alivuta kiti.

"Leo vidole vimelala. Kuna nini?"

Akamweleza yote. Baba hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache hayakuwa na asali.

"Nani alikuruhusu kubadilisha maneno ya mteja?"

"Dada si mteja, Baba."

"Aliyeleta karatasi ni mteja. Hata bibi yako akileta karatasi ni mteja."

"Nilitaka kumsaidia." Vidole alianza kulia.

"Machozi hayafuti wino. Vaa viatu, twende."

Walimkuta Dada uani anasukwa na jirani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama ufagio. Bibi alikuwa karibu, anachambua mchele. Vidole alikiri akitazama chini. Jirani aliacha kusuka. 

"Karatasi ya maelezo iko wapi?" aliuliza Dada.

"Kwenye daftari la hesabu."

"Na mimi nimesaini." Dada alijishika kichwa, upande ule uliosimama. "Siku ya kwanza chuoni mwalimu alituambia, soma kabla hujasaini. Siku ya kwanza, Baba! Sikuwa hata nimepata kiti."

"Basi nina wajinga wawili," alisema Baba. "Mmoja anabadilisha maneno, mwingine hasomi."

Dada alisimama, akaketi tena. "Lakini huenda wasiangalie. Fomu ziko mamia. Nikienda kusema mwenyewe, wanaweza kunikatalia kabisa. Nikinyamaza, mwezi ujao naapishwa." Alimtazama bibi yake. "Bibi, ungefanya nini?"

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Wakipitisha leo, utaogopa kesho. Kila ukimwona polisi utadhani amekuja na kile kitabu. Utakula hivyo, utalala hivyo, mpaka uwe kama mimi bila meno."

Dada alivuta pumzi. "Jumatatu asubuhi," alisema. "Na wewe, Vidole, utakuja na daftari lako." Kisha akamgeukia jirani. "Malizia kichwa, tafadhali. Siwezi kwenda kukiri nikiwa nusu."

Jumatatu Vidole aliomba ruhusa shuleni. Ofisi ya msajili wa mawakili ilikuwa na rafu za mafaili mpaka darini. Msajili, mama mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa akigonga mihuri kwa mwendo mmoja, kama mtu anayetwanga.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba. Semeni."

Dada alisimama wima. "Mama, fomu yangu ina jibu lisilo la kweli, swali la kumi na moja. Niliwahi kukamatwa. Nimekuja kusema kabla hamjauliza."

"Fomu ni yako? Na sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mama."

 Vidole alisubiri amtaje, na alipoona hatajwi, moyo ulimuuma kuliko kama angechapwa.

"Ni mimi, mama!" alisema kwa sauti iliyopasuka. "Yeye aliandika Ndiyo. Mimi ndiye niliyechapa Hapana. Hii hapa karatasi yake."

Alitoa daftari la hesabu, akaikunjua ile karatasi. Msajili aliweka muhuri chini na kusoma. Alisoma taratibu. Alipofika katikati, mdomo wake ulianza kucheza.

"Ulinasa juu ya ukuta?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa muda gani?"

"Kipindi cha pili chote."

"Angalau uliona mpira."

"Sikuona, mama. Nilikuwa nimeelekea nje."

Msajili aliangua kicheko mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. Alifuta macho kwa leso, akanywa maji, kisha uso wake ukarudi kazini.

"Nisikilizeni. Jambo hili la ukuta lingetuchukua dakika mbili, na moja ya hizo ni ya kucheka. Lakini sasa nina fomu yenye uongo, na imeshaingia kwenye orodha. Siwezi kuifuta kwa kalamu. Utaiondoa, uandike barua ya maelezo, ulete fomu mpya kwa kikao kijacho. Kikao kijacho ni baada ya miezi sita."

"Na nitakubaliwa, mama?"

"Kamati ndiyo itakayoamua. Nitawaandikia kwamba umekuja kwa miguu yako, na hakuna aliyekuita." Alimgeukia Vidole, akamwonyesha kiti. "Keti, binti. Ulimpenda dada yako, hilo nimeliona. Lakini ulidhani sisi tunatafuta watu wasiowahi kukosea. Tungetafuta hao, ofisi hii ingekuwa tupu, na mimi nisingekuwemo. Wakili anashika siri za watu, mali za watu, wakati mwingine maisha ya watu. Tunataka mtu ambaye akisema jambo, huna haja ya kwenda kuuliza kwingine. Dada yako alikuwa mtu huyo kwenye karatasi hii. Wewe ukamwondoa kwa neno moja."

"Nisamehe, mama."

"Mwombe yeye. Na wewe, binti mkubwa, soma kabla ya kusaini. Hata kama karatasi imechapwa na malaika."

Njiani Vidole alimwomba dada yake msamaha. Dada alimshika mkono. "Nimekusamehe. Lakini ujue, majalada ya miezi sita utanisaidia kubeba mpaka kituo cha basi."

Aliyabeba kweli, kila Jumamosi. Kikao kilipofika, kamati ilimwita Dada ndani, ikamwuliza maswali manne, na swali la nne lilikuwa timu gani ilishinda. Wiki tatu baadaye aliapishwa. Bibi alipiga vigelegele mpaka akaombwa na askari wa mlangoni apunguze. Redio, aliyekuja na nguo yake nzuri kuliko zote, alimnong'oneza Vidole kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa mambo yatakuwa sawa.

Gharama zilikuwa hizi. Baba alimwondoa Vidole kwenye kompyuta kwa miezi mitatu, akampa ufagio na mashine inayokohoa. Dada alilipa ada ya fomu mara mbili. Kwa nusu mwaka alimbebea majalada mwanafunzi mwenzake aliyeapishwa kabla yake, yule aliyekuwa akinakili kazi zake chuoni, na alilazimika kumwita wakili. Ofisi moja iliyokuwa imemwekea nafasi ya kazi na meza ilichoka kusubiri. Ukuta ulimgharimu Dada saa sita na sketi moja. Neno Hapana lilimgharimu miezi sita, ada ya pili, na meza ambayo mpaka leo imekaliwa na mtu mwingine.