Zizi Ambalo Mbuzi Walilikataa

Lori kutoka Garissa lilifika Kitengela kila Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mbuzi walishuka wakipiga kelele, na Hodo aliwasikia kabla hajamaliza chai yake. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Mezani palikuwa na simu, muhuri, na kompyuta ya mitumba ambayo mumewe Barre aliinunua mwaka 2003, kwa sababu kila kampuni ya mjini ilikuwa nayo. Kazi ya kompyuta hiyo ilikuwa kuandika barua na ankara za mauzo, basi.

Kampuni yao ilileta mbuzi kutoka kaskazini. Walipumzishwa Kitengela siku tano, kisha wakapelekwa kwa wenye hoteli na mabucha ya Nairobi. Yadi ilikuwa na mazizi manne. Mchungaji wao, Parmuat, alikuwa hapo kwa miaka tisa. Aliwajua mbuzi kwa sura, mmoja mmoja, hata wakiwa mia mbili.

Sasa kulikuwa na jambo. Mbuzi walikuwa wanakufa.

Hawakufa kila wiki, na hilo ndilo lililomtisha Hodo. Miezi miwili ingepita salama. Halafu asubuhi moja ungewakuta wanne wamelala, miguu imenyooka, hakuna jeraha. Mbwa wa yadi, ambao huiba hata ngozi iliyokauka, hawakuwasogelea. Walikaa mbali na kulia kwa sauti ndogo, mchana kweupe. Hodo alisimama pale jua likiwaka na nywele zikamsimama.

Muteti, daktari wa mifugo, aliwapasua wawili. Alisema wamekula kitu kibaya. Lakini mazizi yote yalikula nyasi moja na kunywa maji ya bomba moja. Basi watu wa sokoni wakatoa jibu lao wenyewe. Walisema Parmuat ana mkosi.

"Jumamosi ataenda," Barre alisema siku ya Jumatano.

"Baba Keynan, ni miaka tisa. Miaka saba ya kwanza hakuna mbuzi alikufa hivi."

"Basi mkosi umemwingia juzi. Nitafanya nini, Hodo? Wenye hoteli wameanza kuogopa mbuzi wetu. Wakituacha, hii kampuni imekwisha."

Barre hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mtu aliyeogopa hutafuta wa kumfukuza haraka. Hodo naye aliogopa, lakini aliona aibu. Watoto wa Parmuat walisoma darasa moja na wa kwake.

Jioni ile alimweleza jirani yake, Sheryl Aketch. Sheryl alitoka Siaya, alikuwa amepanga nyumba ya pili kutoka kwao, na alifanya kazi katika shamba la maua, kwenye chumba cha ripoti.

"Kwetu waridi zikinyauka hatuulizi nani ako na mkosi," Sheryl alisema. "Tunauliza zilinyaukia wapi, na siku gani. Mama Keynan, nyinyi mnaandika mbuzi wanaokufa?"

Hodo alitikisa kichwa. "Hatuandiki. Baba yake Barre alikataza. Alisema ukihesabu mifugo unaiitia jicho. Na ukiandika aliyekufa, unamtengenezea mwenzake njia."

Sheryl hakucheka. Kwao pia kulikuwa na mambo ambayo hayasemwi.

"Kwa hivyo mnaandika tu wale wanatoka wakiwa hai."

"Ndiyo."

"Basi hiyo kompyuta yenu inajua kampuni ambayo mbuzi hawafi. Na boss anaamua mambo ya kampuni ingine kabisa."

Maneno hayo yalimwingia Hodo. Hakulala vizuri.

Alhamisi adhuhuri Sheryl alikuja wakati wa mapumziko yake. Barre alikuwa Kajiado mjini kwa shughuli za leseni. Hodo alitoa faili la vibali vya kusafirishia mifugo. Kumbe idadi ya mbuzi waliofika ilikuwa imeandikwa humo siku zote, kwa mkono wa watu wa serikali. Walioingia wakajulikana. Walibaki waliokufa.

"Wako kwa kichwa cha Parmuat," Hodo alisema, akaenda kumwita.

Parmuat aliingia akiinamisha kichwa mlangoni. Alijua habari za Jumamosi, kila mtu alizijua.

"Sopa, Parmuat," Hodo alimsalimu kwa Kimaasai.

"Epa, mama."

"Nataka unitajie mbuzi waliokufa. Wote. Na siku, na zizi."

Parmuat alimtazama. "Unataka kuwaandika?"

"Nataka kuwaandika."

Sheryl alifungua programu ya majedwali, ile wanaita Excel. "Mstari mmoja, mbuzi mmoja," alimwambia Hodo. "Hapa tarehe. Hapa zizi. Usichanganye wawili kwa mstari mmoja."

Parmuat akaanza. Hakujua tarehe, lakini alijua siku. Yule mweupe mwenye sikio lililopasuka, siku upepo uling'oa paa la kanisa. Yule mwekundu aliyekuwa na mimba, kesho yake baada ya mnada mkubwa wa Kiserian. Hodo aligeuza siku kuwa tarehe kwa kalenda ya ukutani. Parmuat alitaja kwa sauti ya chini, bila kusita, kama mtu anayeita majina msibani. Nje, mbuzi walinyamaza. Hakuna hata mmoja aliyelia. Vidole vya Hodo vilikuwa baridi juu ya vibonye, na kila mstari alioongeza alisubiri kusikia mmoja akianguka.

Hakuna aliyeanguka. Walifika thelathini na wanane.

Sheryl alibonyeza mara chache na nguzo zikasimama kwenye skrini, moja kwa kila zizi. Hodo hakuona cha maana. Nguzo zilikuwa fupi fupi tu.

"Mbona mko na mazizi sita?" Sheryl aliuliza. "Si ulisema ni manne?"

Walisoma tena. Parmuat alisema "zizi ya nyuma". Mara nyingine alisema "zizi mpya". Mara nyingine "ile ya nne". Hodo alikuwa ameandika kama alivyosikia.

"Ni moja, mama," Parmuat alisema. "Ile mlijenga juzi, miaka miwili sasa."

"Kompyuta haijui hiyo," Sheryl alisema. "Kitu kimoja kipewe jina moja, ama itakudanganya bila nia mbaya."

Hodo alirekebisha majina. Nguzo tatu fupi zikaungana, zikawa moja iliyopanda juu peke yake, hadi karibu na ukingo wa skrini. Zizi la nyuma, thelathini na mmoja. Mazizi mengine yote pamoja, saba. Na Parmuat alisema kila lori liligawanywa sawa kwa mazizi yote, kwa hiyo zizi la nyuma halikuwahi kuweka mbuzi wengi kuliko mengine.

Parmuat hakujua kusoma, lakini nguzo aliielewa. Alirudi nyuma hatua moja.

"Sasa tunajua wapi," Sheryl alisema. "Hatujui ni nini. Hii mashine haisemi kwa nini. Inakuonyesha tu mahali pa kuangalia. Mbona wengine wanapona humo miezi miwili?"

Hodo alitazama tarehe. Aprili, Aprili, Mei, Novemba. Yote miezi ya mvua. "Shamba lenu hupima mvua?"

"Kila siku."

Ijumaa Sheryl alileta disketi yenye rekodi za mvua, kwa ruhusa ya mkubwa wake. Wakaweka siku za mvua kando ya siku za vifo, tarehe kwa tarehe. Wote thelathini na mmoja wa zizi la nyuma walikufa ndani ya siku tatu baada ya mvua kubwa. Kiangazi hakikuua hata mmoja humo.

Jumamosi asubuhi Barre alimkuta Hodo ofisini pamoja na Sheryl, na karatasi mezani. Alipoona wafu wameandikwa, uso ulimbadilika.

"Hodo, umefanya nini?"

"Nimeandika, Baba Keynan. Tangu Alhamisi, na hakuna aliyekufa. Angalia kwanza, halafu unigombeze."

Aliangalia. Bado alishikilia shauri alilokuja nalo. "Lakini wote hawa walikuwa mikononi mwa Parmuat. Wote."

"Ni kweli, mzee," Sheryl alijibu kwa heshima. "Na wale maelfu waliotoka wazima, walikuwa mikononi mwa nani?"

Hodo alimsogezea karatasi ya mvua. Barre aliisoma mara mbili. Kisha akamwita Parmuat.

"Hiyo zizi ya nyuma. Unajua nini juu yake?"

"Mbuzi hawataki kuingia. Wanasimama kwa mlango. Lazima niwasukume, kila siku."

"Miaka miwili? Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza," Parmuat alisema. "Na mtu anayeitwa mkosi, akisema mbuzi wanaona kitu, si atafukuzwa siku hiyo hiyo?"

Barre alitazama chini. Hodo alimwonea huruma, lakini si sana.

Walikwenda wote. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri hiyo, na kwenye pembe ya chini kulikuwa na kidimbwi cha maji, safi kabisa, hakina hata mbu. Upepo wa uwanda wa Athi ulikuwa ukivuma kila mahali isipokuwa hapo. Parmuat alichimba kando ya maji. Futi mbili chini, jembe liligonga saruji. Alichimba tena mbele, saruji. Polepole mtaro mrefu ukajitokeza, wenye ngazi za kushukia, kama kaburi lililojengwa kwa ajili ya ng'ombe.

"Tokeni humo," alisema Muteti, waliyempigia simu, alipofika. "Hili ni josho la zamani. Zamani waliogesha ng'ombe kwa arseniki, kuua kupe. Ni sumu kali, na haiozi. Inakaa udongoni miaka hamsini. Mvua ikinyesha maji yanaivuta juu. Mbuzi akishikwa na kiu usiku, anakunywa."

Majuma mawili baadaye maabara ilithibitisha. Zizi la nyuma lilizungushiwa seng'enge na bango la hatari. Ofisi ya mifugo ilipewa taarifa, na majirani wakakatazwa kuchota maji karibu. Jumamosi ile Parmuat hakuondoka. Barre alimwomba msamaha mbele ya watu wa sokoni, wale wale.

Tangu hapo Hodo aliandika kila kitu kila siku, wazima na wafu. Kila Ijumaa alimwonyesha Barre nguzo zake kabla hajaamua lolote. Mvua za Novemba zilikuja na kupita. Hakufa mbuzi hata mmoja kwa ile hali. Wenye hoteli walirudi.

Mwaka uliofuata walipata uwanja mpya upande wa Isinya. Ulikuwa mkubwa, wenye nyasi nzuri, na mwenyewe alitaka kuuza upesi. Barre alipeleka mbuzi kumi wa kujaribu, pamoja na Parmuat. Baada ya wiki mwenye uwanja alikuja ofisini na mkataba.

Barre alishika kalamu. "Hodo, wangapi wamekufa?"

"Hakuna."

"Wangapi wamekonda?"

"Hakuna."

Akainamia karatasi. Hodo hakumwacha. Katika jedwali lake alikuwa ameongeza safu moja zamani, ambayo Sheryl hakumfundisha. Safu hiyo aliijaza Parmuat, kwa mdomo au kwa simu, kila jioni. Aligeuza skrini imwelekee mumewe.

Siku saba. Mistari saba. Yote ilisema maneno yale yale: *Wamesimama mlangoni.*

Barre alisoma hadi mwisho. Kisha akarudisha kalamu mfukoni, na kumwomba mwenye uwanja awaeleze, taratibu, kulikuwa na nini hapo zamani. Yule mtu akaanza kukunja mkataba wake.