Kumi na Moja, na Anapumua

Bisha. Nakuomba ubishe, maana nimechoka na watu wanaotikisa kichwa kama mbuzi kisha wanaenda kunicheka pembeni. Ukisha kubisha, njoo Bukavu, ingia kwenye kiwanda chetu kidogo cha sabuni, uliza Yannick alipatwa na nini mwaka wa korona. Utaona watu wazima wanavyotazama chini.

Yannick ni binamu yangu. Tulifunga sabuni meza moja. Ana maneno mengi. Hanifikii mimi, lakini anajitahidi. Asubuhi ile ilikuwa asubuhi tu: mvua nyepesi, mstari getini, cache-nez, yaani barakoa, zimeshushwa kidevuni, na mlinzi Philémon na kibunduki chake cha kupima homa. Anakielekeza kwenye kifundo cha mkono, kinalia, anaandika nambari daftarini. Ukiwa na homa, siku kumi na nne nyumbani. Na wengi waliorudi walikuta mtu mwingine amekaa mahali pao.

Mbele ya Yannick alisimama mjane mmoja, Domitille. Tulimwita Maman Javel, kwa sababu alinawa kwa javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, mpaka ngozi ikababuka. Siku hiyo alikuwa anatetemeka.

"Maman, uko na homa?" Yannick akanong'ona.

"Iko inaniunguza, mutoto wangu. Wakinirudisha, kazi imekwisha."

"Chukua hii." Akamchomekea ndani ya mkono wa sweta chupa ya maji baridi. "Bana kwenye kifundo. Kale kabunduki kanishinde akili mimi?"

Hakakumshinda. Thelathini na sita na nusu. Hivyo hivyo asubuhi tano mfululizo. Ya sita, Domitille hakuja. Jumamosi tulimzika.

Ndugu zake walipokuja kumuuliza Philémon, akafungua daftari: kila siku muzima. Basi muzima anakufaje? Wakasema ni ulozi. Wakamshika Consolate, mke wa mwana wa Domitille, aliyekuwa akimpikia marehemu. Wakampa muda hadi Jumapili ya wiki iliyofuata awe ameondoka mtaa wa Kadutu na watoto wake, la sivyo wangeichoma nyumba naye akiwa ndani.

Yannick alijua daftari lilidanganywa na nini. Akaenda zake mezani kufunga sabuni. 

Jumatatu Philémon akampima. Thelathini na tatu.

"We Yannick, umelala ndani ya frigo?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Jumanne, thelathini. Jumatano, ishirini na sita. Wakabadilisha betri. Wengine wote walikuwa sawa. Hakuna aliyecheka tena.

Yannick hakuwa na chupa. Lakini alihisi vidole. Vinne na gumba. Vimebana kifundo chake, navyo vimelowa. Akipanguza, vinarudi. Akinawa, vinabana zaidi. Alhamisi alikuwa hali, halali, anaongea na mkono wake.

Ijumaa, kibunduki kilionyesha kumi na moja.

Kumi na moja, na anapumua.

Philémon akarudi nyuma hatua moja. "Kama iko kitu, sema," akanong'ona. "Sema, kijana."

Yannick akapiga magoti kwenye matope.

"Ni chupa yangu! Maman alikuwa na homa, mimi ndiye nilimuficha. Consolate hana kosa!"

Mlinzi akampima tena. Thelathini na sita na nusu. Kwenye kifundo palibaki alama tano za vidole, nyeupe, zenye mikunjo kama vidole vya mfuaji nguo. Zipo hadi leo. Hata jua halizibadilishi rangi.

Tulikimbia mpaka Kadutu. Mlango wa Consolate ulikuwa wazi, jivu limepoa. Jirani akasema ameondoka alfajiri kwa miguu, barabara ya Walungu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Huko Walungu hawakufika. Hatujamwona mtu aliyewaona.

Haya, bisha sasa.

Hubishi? Basi ngoja, kuna kipande nimekiruka. Wale ndugu walipofika getini hawakuwa na jina la mtu yeyote. Walikuwa wanalia tu. Kuna kijana mmoja kwenye mstari, mpenda kuchekesha, aliyepaza sauti: "Si mumuulize Consolate? Nani alikuwa anamupikia ile sombe ya majani ya muhogo?" Watu wakacheka kweli. Mmoja wa wale ndugu hakucheka. Aliacha kulia.

Yule kijana ni mimi. Na mimi sijapiga magoti mahali popote.