Mgeni Aliyepewa Kazi

Kosa la kwanza la Mama Jeancy lilikuwa adabu, na msimcheke, maana ninyi pia mngelifanya. Umepiga magoti, mikono imo kwenye povu hadi viwiko, unasugua sakafu, halafu nyuma yako mlangoni mtu anasema, "Hodi!" Utajibu nini? Utajibu "Karibu!" hata kabla hujageuka. Ulimi uliolelewa na Kiswahili hauombi ruhusa kwa kichwa.

Tena pale Cato Manor, Durban, mwaka ule wa tisini na nane, nani angepiga hodi? Majirani walikuwa Wazulu, wao huita kwa Kizulu chao au hugonga geti. Henriette, ndiye Mama Jeancy, mwanamke wa Uvira, hakuwa amesikia hodi mlangoni pake tangu yeye na mumewe walipokodi vyumba vyao. Furaha ilimpanda hadi kooni.

"Karibu! Karibu ndani, usiogope maji!"

Akageuka akijifuta mikono kwenye kitenge. Hakuna mtu. Mlango wazi, ua mtupu, mablanketi yanapepea kwenye kamba. Kilichoingia ni harufu tu, harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni kabla hazijakauka. Akanusa nguo zake, akanusa ndoo, akarudi kusugua.

Alikuwa na haraka, jamani, na haraka yake ilikuwa na sababu. Binti yao Jeancy, wa miaka minane, alikuwa akiishi Johannesburg kwa shangazi yake Marcelline, dada ya mumewe, tangu siku zile wao wawili walipokuwa wakilala sakafuni kwa watu. Sasa wamepata pao. Shule zinafungwa kwa likizo ya baridi, mtoto anakuja, na Marcelline alikuwa amesema waziwazi kwenye simu: akikuta pazuri abaki, akikuta shimo arudi kwangu, na arudi moja kwa moja. Ndiyo maana Henriette alifua, akakung'uta, akaziba nyufa za madirisha kwa magazeti, akashona mapazia, na akirudi kutoka saluni alikosuka vichwa vya watu mchana kutwa, akaanza upya. Alimtaka mwanawe. Hakuna zaidi ya hapo.

Siku iliyofuata, jua bado liko juu, alikuwa jikoni akichambua maharage aliposikia ufagio. Shaa, shaa, shaa, taratibu, kutoka chumba cha mtoto. Akadhani ni mumewe kawahi kurudi.

"Papa Jeancy?"

Ufagio ukanyamaza. Alipochungulia, ufagio umeegemea ukuta alipouacha. Lakini vumbi la chumba kizima lilikuwa limefagiliwa, si kuelekea mlangoni kama watu wanavyofagia, bali kuelekea ndani, likarundikwa chini ya kitanda cha mtoto. Na ile harufu ilikuwepo, mbichi, nzito. Henriette alitoka mle kinyumenyume.

Jioni mezani alimweleza mumewe kwa sauti ya chini. Urbain alikuwa akilinda magari ya watu mjini, mtu wa mizaha, hata msibani hutafuta cha kucheka.

"Mu nyumba iko muntu," Henriette alisema.

"Muntu gani? Si tuko wawili tu?"

"Nimemusikia anafagia kule kwa mtoto. Muchana kweupe. Na taka yote ameiingiza chini ya kitanda."

"Aa, kama anafagia, muache afagie! Kila siku unalia kazi ni mingi."

"Usicheke, Papa Jeancy, tafazali. Mimi nilimujibu karibu. Alipiga hodi, na mimi nikamwambia karibu ndani."

Urbain akaweka kijiko chini, akafuta mdomo, macho yanacheka. "Donc, basi, ni mgeni. Na bazee balisema nini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Umupe jembe, Henriette. Mgeni muvivu akiona kazi, atakimbia mwenyewe."

Mzaha huo! Laiti angeumeza na ugali wake. Maana mwenye hofu hushika chochote, na Henriette aliushika. Siku ya tatu, kabla ya kwenda saluni, aliuchukua ufagio, akaulaza kwenye kizingiti cha chumba cha mtoto, akasema kwa nguvu:

"Weye mgeni, siku zako zimekwisha. Shika kazi. Yote yenye imebaki kwa kutayarisha mtoto wangu, fanya weye. Kama hautaki, njia ni ile."

Harufu ikapungua, ikatoweka kabisa. Henriette akacheka peke yake, akamwita Urbain nabii, akaenda kazini akiimba nyimbo za kanisa.

Aliporudi alasiri, nyumba ilikuwa inang'aa.

Hebu fikirini. Sakafu imepakwa polishi nyekundu hadi inaonyesha uso wa mtu. Sufuria zimesuguliwa hata matako yake meusi yamekuwa meupe. Mablanketi yamekunjwa, pembe kwa pembe. Jikoni sombe, kisamvu cha kwao, imeiva, inachemka polepole juu ya jiko ambalo hakuliwasha. Alikwenda chumba cha mtoto akiwa ameshika ukuta. Kitanda kimetandikwa vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza, na juu yake mito miwili. Mto mmoja ulikuwa wa Jeancy. Wa pili ulikuwa wa Henriette mwenyewe, umehamishwa kutoka chumba chao, umewekwa sambamba na ule wa mtoto, na katikati ulikuwa umebonyea.

Urbain alikula sombe sahani mbili, akamsifu. Henriette hakula, na alishindwa kumwambia, kwa kuwa mumewe alikuwa na furaha ambayo hajamwona nayo tangu Kongo. Kesho yake mtoto angefika. Basi lingeondoka Johannesburg asubuhi, na hapakuwa na namna ya kulirudisha.

Asubuhi hiyo hakugusa kichwa cha mteja hata mmoja. Alivuka ukumbi wa jengo la mjini lenye saluni yao, akaenda kwa Mzee Machano, fundi cherahani wa Kizanzibari, ambaye mama yake, watu walisema, alikuwa na ngoma ya pepo huko kwao. Mzee alimsikiliza huku pini zimejaa mdomoni. Henriette alipofika pale pa ufagio, mzee akazitema pini zote kiganjani.

"Ala! Umempa kazi? Weye mwenyewe, kwa mdomo wako?"

"Nilizani atakimbia, Mzee. Si ndiyo methali inasema?"

"Methali ile ya watu, mwanangu, si ya wale! Mgeni hata awe jini huaga. Atakula, atachoka, atakwenda zake. Lakini mtu wa kazi haondoki mpaka alipwe. Ulimwambia utamlipa kitu gani?"

"Sikumwambia kitu."

"Basi atachagua mwenyewe." Mzee akakisogeza kiti chake nyuma, mbali naye. "Na hiyo nyumba anaitayarisha kwa ajili ya nani?"

Henriette akaanza kulia palepale, mbele ya wateja.

"Usilie, sikiliza. Mimi si mganga, mimi nashona suruali, lakini hili nalijua. Kazi isiyokuwepo haina ujira. Nenda ukaitengue. Kila alichokifanya kwa mkono wake, kirudishe kama kilivyokuwa au kiharibu, kabla mtoto hajakanyaga mlango. Kila kitu, umenisikia? Na akikusemesha usimjibu. Usimpe asante, usimpe pole. Nenda, mwanangu, na usirudi hapa leo, naogopa."

Alipofika nyumbani, Urbain alikuwa ameshakwenda stesheni kumpokea mtoto. Jua la Juni halina subira, lilikuwa limeanza kuinama. Nyumba ilimsubiri safi, na harufu ile ilikuwa imerudi, safari hii nzito kiasi cha kuonjeka ulimini.

Alianza na jiko. Alimwaga sombe sakafuni, akachota majivu ya uani kwa sepetu akayatawanya juu ya polishi nyekundu, akayasugua kwa miguu yake mwenyewe, na alikuwa akilia, maana nyumba hii alikuwa ameiota mwaka mzima. Akachukua sufuria, akazipaka masizi. Akarudi sebuleni na kusikia nyuma yake, karibu na shingo, sauti ya mwanamke, ya heshima, sauti ya mtu anayejua nafasi yake.

"Pole na kazi, Mama."

Hapo ndipo ulimi ulipotaka kumuua. Neno "asante" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Henriette alijiuma hadi damu ikatoka, akalimeza.

"Mama, hapo nilishafagia."

Hakujibu. Akayavuta mapazia na fimbo zake yakaanguka, akabandua magazeti madirishani bila kujali yapi aliyabandika yeye na yapi si yeye, upepo wa baridi ukaingia ukipiga milango, na katika upepo ule sauti ilimfuata chumba hadi chumba, haikupanda, haikukasirika, ikimwambia Mama pale nilishafuta, Mama hiyo nilishakunja, Mama kwa nini unajichosha na mimi nipo, naye akizidi kukunjua na kutupa, blanketi baada ya blanketi, akiyakanyagia kwenye majivu, huku kando ya macho yake, kila alipoinama, akiona upindo wa kitenge kisicho chake ukipita mlangoni kuelekea chumba cha mtoto. Akamfuata huko. Mlango ulikuwa unasukumwa kutoka ndani kwa nguvu ya mtu mzima, akaupiga bega mara nyingi hadi ukafunguka, akaingia katika giza lililokuwa zito kuliko la vyumba vingine ingawa dirisha lilikuwa moja kama yale mengine, akaishika miguu ya kitanda kile akakipindua, godoro, mashuka, mito yote miwili, akautoa uchafu wa chini yake, vumbi, nywele, maganda ya maharage, akausukuma kwa mikono mitupu kupita sebule, kupita mlango wa mbele, hadi nje uani, na alipoutupa nje akaanguka pale kizingitini akahema.

Kimya. Harufu imekwisha. Alinusa tena na tena, pua juu, na alichosikia ni moshi wa mkaa wa majirani tu. Ndani palikuwa shimo, shimo hasa, lile alilolisema Marcelline. Lakini palikuwa pake. Henriette akacheka na kulia kwa pamoja, midomo ina damu, nywele zina majivu.

Taksi ikapiga honi barabarani. Akamwona Urbain akishuka na begi, na nyuma yake Jeancy, mrefu kuliko alivyomwacha, anakimbia.

"Mama!"

"Mwanangu! Ngoja, usiingie bado, simama pale nikuone. Nyumba ni muchafu, mama yako atakueleza." Akampokea uani, akapiga magoti, akamkumbatia kwa nguvu. Mtoto alikuwa na joto zuri. Amevaa sweta nene, nyeusi, ya kufumwa kwa mkono, mikono mirefu, shingo imepanda hadi kidevuni.

"Nzuri sana," Henriette akasema. "Shangazi amekufumia?"

"Hapana, Mama. Si ni wewe?"

Urbain alikuwa ametazama ndani, kwenye majivu, hajajua aulize nini kwanza. Akageuka. "Yule mama wa kazi umemutuma stesheni," alisema. "Murefu, ana heshima. Alisema, mimi niko wa kazi kwa Mama Jeancy, nimemuletea mtoto sweta, baridi ya huku ni mubaya. Akamuvalisha mwenyewe. Nikasema, Henriette amepata muntu wa kazi na haniambii?" Akajaribu kucheka, akamwangalia mkewe usoni, akaacha.

Yote yenye imebaki kwa kutayarisha mtoto wangu. Henriette aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akaigusa sweta vizuri sasa, akaisugua baina ya vidole, vidole vilivyosuka vichwa miaka mingi, na vidole vikamwambia kuwa hii si sufu. Ni nywele.

"Vua, Jeancy. Vua upesi."

Mtoto akavuta, haikupita kichwani. Urbain akavuta, haikupita. Henriette akauma pindo la chini kwa meno, akakata, akapata ncha, akaanza kufumua. Ilifumuka kwa urahisi wa ajabu. Alivuta kwa mikono yote miwili, mshono baada ya mshono, tumbo likaondoka, mikono ikaondoka, uzi mweusi ukirundikana kwenye magoti yake, naye akinong'ona usiogope, mama yako yuko hapa, inakwisha, inakwisha sasa hivi, na Urbain amemshika mtoto mabega huku akisali Kifaransa kwa sauti isiyotoka, na giza likashuka juu ya ua wao, na kifua kikaondoka, na shingo ikaondoka, hadi mtoto akasimama na blauzi yake nyembamba ya shule, mikono wazi, anatetemeka kwa baridi.

Henriette akaendelea kuvuta. Uzi bado ulikuwa unakuja.

"Mama, polepole," Jeancy akasema. "Sweta imeshakwisha. Sasa unanivuta mimi."