Mtu wa Kumi Kabla ya Saa Sita

Kila Jumamosi kazi ya binti wa fundi cherehani ilikuwa ileile: kufagia vipande vya vitambaa, kuokota pini kwa sumaku, na kuwasomea mafundi wa barazani karatasi zilizowashinda kwa udogo wa herufi. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini mwandiko wake ulinyooka hata kinyozi, ambaye hakuwa na tabia ya kusifu mtu bure, akampachika jina la Karani.

Jumamosi hii Karani hakutulia. Mezani palikuwa na fomu ya bima ya afya, na ofisi ingeacha kupokea fomu saa sita mchana. Anayejiajiri akijiunga peke yake, bei ilikuwa ya kukimbiwa. Wakijiunga watu kumi, kila mmoja alilipa nusu, na mafundi wa barazani walikuwa wametimia kumi. Mama yake Karani aliisubiri nusu hiyo roho juu. Mwaka uliopita mdogo wake Karani alilazwa siku tisa kwa pumu, na mama akauza cherehani ya pili ili alipe hospitali. Sasa baridi ilikuwa inarudi, na cherehani iliyobaki ni moja.

"Haya, soma majina tuondoke," mama alisema.

Karani akasoma. Alipofika kwa fundi redio, fundi huyo akakohoa. "Jamani, mimi nifuteni. Jana jioni nimepata ajira ya kudumu. Kampuni ndiyo itakayonilipia."

Wakampigia makofi na kumpongeza, kisha wakahesabu upya. Walibaki tisa, na saa ilikuwa nne na nusu.

"Mbona mmepoa kama uji wa jana?" kinyozi akasema. "Karani, mwandike shemeji yangu. Kitambulisho chake cha zamani kimo kwenye droo yangu."

"Si alihamia nchi nyingine?" Karani akauliza.

"Basi ataugua hukohuko! Hatatuletea usumbufu."

Watu wakacheka. Karani akashika kalamu. Akilini alimwona mdogo wake akivuta pumzi kwa shida, mabega yakipanda na kushuka. Kuandika jina moja tu kungetosha.

"Siwezi," alisema mwishowe. "Hapa chini pameandikwa kwamba tunaapa yote ni kweli. Nikimwandika, nyote mtakuwa mmeapa uongo, na mwandiko ni wangu."

Machozi yalimlengalenga mama, lakini sauti ilikuwa imara. "Weka kalamu chini, mwanangu. Tumtafute mtu wa kweli."

Karani akachomoka mbio! Muuza magazeti alikuwa na bima tayari. Fundi baiskeli akajipiga kifua. "Mimi siumwi, mtoto. Ugonjwa ukiniona unavuka barabara." Muuza matunda hakuwepo. Saa tano na robo Karani alirudi barazani akihema, jasho linamtiririka, na machozi yamekaribia.

"Pole, mwanangu, kunywa kwanza," akasema Mama Birika, mama aliyewauzia mafundi chai kila siku, huku akimmiminia kikombe.

Karani alipokea kikombe, akamkodolea macho. "Mama Birika, wewe umeajiriwa na nani?"

"Aniajiri nani mimi? Birika langu, sukari yangu, miguu yangu!"

"Mama!" Karani alipiga kelele, chai ikamwagika. "Wa kumi huyu hapa!"

Mama Birika akaweka birika chini taratibu. "Mara mbili nimekwenda ofisi ya bima, nikaambiwa bei ya mtu mmoja, nikarudi na pesa yangu. Nanyi niliwasikia mkisema bima ya mafundi, nikajua mimi simo."

"Umo!" walijibu kwa pamoja, na kinyozi akawa wa kwanza kumvutia kiti.

Akataja majina yake matatu, polepole. Karani akayaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, na mafundi wakasikiliza, maana hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Kitambulisho alikuwa nacho mfukoni. Wakafunga vibanda, wakaongozana barabarani karibu wakimbie, kinyozi mbele akipaza sauti, "Njia jamani, njia! Wagonjwa wa kesho tunapita!"

Walifika zimebaki dakika nane. Ofisa wa bima alilinganisha kila kitambulisho na fomu, akagonga muhuri. "Mmefanya vizuri kuja wenyewe," alisema. "Juzi tumefuta kikundi kizima. Mmoja wao alilazwa, tukakagua orodha, tukakuta jina la mtu asiyekuwepo. Akalipia matibabu yote mwenyewe."

Kinyozi akainamisha kichwa. Walipotoka nje alimshika Karani bega. "Nisamehe, mwanangu. Ningewaponza wote."

Mama akamvuta Karani karibu yake, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. "Bima hulipwa siku tukiwa wazima, ili itufae siku tukiwa hoi," alisema. "Sasa uongo wa leo ungekuja kutukuta hoi kitandani, hatuna hata nguvu za kujitetea. Na tazameni aibu yetu: tulikaribia kumwandika mtu wa uongo, na wa kweli anatuuzia chai miaka mitano."