Mtu wa Tatu Daftarini

Ilianza na dania.

Inshirah alikuwa jikoni kwake, mjini Tanta, Misri, amefungua simu aone cha kununua sokoni, akakuta chini ya mboga ya molokhia na vitunguu saumu pana maneno ambayo si yake: "Dania usitie. Inamchoma kifua."

Wiki haijatimia tangu mumewe amfundishe kutumia lile daftari la simu. Bahgat, msambazaji wa dawa, ni mtu wa mpango. Kichwa cha Inshirah, kwa maneno yake mwenyewe, ni chujio.

"Kila jambo ukurasa wake, kila ukurasa lebo yake," Bahgat alimwelekeza. "Ukisahau, unatafuta kwa neno moja tu. Nikiandika kwangu, unaona kwako."

"Na ikiniuliza maswali?"

"We kubali tu, bibie. Usinipigie kazini."

Jioni ile, wakila, akamuuliza: "Hivi dania inakuchoma kifua?"

Bahgat akaacha kijiko hewani. "Nani kakwambia?"

"Si umeandika mwenyewe?"

"Sijaandika kitu. Miaka yote nakula kimya nisikuvunje moyo."

Wivu ukamkaba Inshirah hapo hapo mezani. Yeye mke wa ndoa hajui, halafu yuko mtu anajua! Kesho yake akakuta mengine, kwenye ukurasa wa dobi: "Shati la bluu lifuliwe kwa mkono." Kwenye ukurasa wa shuka: "Akiwa na huzuni hulalia ubavu wa kulia." Huyo kamwona wapi akilala? Akahangaika na vitufe mpaka akapata orodha ya wenye daftari. Walikuwa watatu. Bahgat, Inshirah, na mmoja asiye na picha, ameandikwa Dada. Na Bahgat alizaliwa peke yake.

Akampigia. "Dada yako nani?"

"Dada gani tena? Mimi nina dada?"

"Ndiyo nakuuliza! Amezaliwa lini huyo, mpaka anajua unavyolala?"

"Inshirah, naendesha gari."

"Endesha, bwana. Na yeye umemkalisha kiti cha mbele?"

Akakata simu, akalia kwa hasira. Alipotulia akafungua ukurasa aliouwekea lebo ya siri, ambao hata Bahgat hakuonyeshwa. Mimba ya kwanza ilitoka, na sasa siku zake zilikuwa zimechelewa tena. Alikuwa ameandika: "Nisimwambie mpaka nipime. Ya Rabi, huyu akae."

Chini yake palijibiwa: "Hatakaa. Kaka yangu hazai na mgeni."

Ikalia kengele ndogo ya simu, ile ya ujumbe mpya, lakini haikulia mkononi mwake, ililia bafuni, kwenye tundu la maji, ikalia tena, na harufu ya udongo uliolowa ikaanza kutambaa chini ya mlango mchana ule wa jua kali, ikapita sebuleni, ikamfikia miguuni, na ndani ya harufu kulikuwa na pumzi ya mwanamke anayehema taratibu kama mtu aliyekasirika na kujizuia, na Inshirah akajikuta yuko ngazini, peku, anagonga mlango wa Hajja Tafida wa ghorofa ya juu, ambaye mtaa mzima humwita amsomee mtoto aliyestuliwa na majini.

Hajja alisikiliza mpaka mwisho, akashusha sauti. "Kila mwanamume ana dada yake wa kijini chini ya ardhi, mwanangu. Mke mwenza ana nafuu. Hebu nambie, umemwaga maji ya moto bafuni bila kusema dastur?"

Inshirah akakumbuka. Siku ile ya kujifunza alimwaga maji ya makaroni yanayochemka, mkono mmoja sufuria, mwingine simu. Neno la kuwaomba radhi walio chini likampita. Na simu, wakati ule ule, ikamuuliza: kuna mtu anaomba kuingia, unakubali? Akakubali.

"Ewe mtoto!" Hajja akanong'ona. "Wewe hukupiga hodi kwake. Yeye kapiga kwako, ukamwambia karibu."

"Nimtoeje, Hajja? Nina mimba."

"Atolewe na kaka yake, kwa mkono wake."

Bahgat alirudi alasiri akakuta ubani umejaa nyumba na Hajja anamwaga maji ya chumvi mlangoni pa bafu. Alisoma ukurasa wa siri, machozi yakamlengalenga.

"Una mimba, na unaiambia simu?"

"Niliogopa."

"Mtoe," Hajja akasema. "Usimtukane."

Bahgat akageukia bafu. "Dada, sina ugomvi nawe. Ila huyu ni mke wangu, na huyo ni mwanangu. Rudi kwako salama." Akafungua orodha kwenye simu yake, akabonyeza kitufe cha kuondoa kwenye jina la Dada.

Harufu ikakatika. Hajja akashukuru Mungu kwa sauti. Inshirah akacheka, akamkumbatia mumewe, na simu yake mwenyewe ikatoa mlio.

"Umeondolewa kwenye daftari hili."

"Nimebonyeza jina lake!" Bahgat alikuwa anakitazama kidole chake. "Wallahi, Inshirah, nimebonyeza jina lake!"

Kurasa zikaanza kufutika kwenye simu ya Inshirah, moja baada ya nyingine. Soko likaondoka, na dobi, na shuka. Bafuni kengele ikalia, kwa furaha safari hii. Ukurasa wa siri ulikuwa wa mwisho, nao ulipofutika, maumivu yakamshika Inshirah chini ya kitovu.